Uzoefu wangu: kijiwe cha figo cha milimita 5 na "dhahabu tatu" za Guangzhou

Nilikuwa mwaka wa pili wa masomo mjini Guangzhou, kusini mwa China, maumivu yaliponiamsha saa tisa usiku. Yalianzia ubavuni upande wa kulia, yakateremka hadi kwenye kinena, na hapakuwa na namna ya kulala, kukaa wala kusimama iliyonipa nafuu. Picha ya CT iliyopigwa usiku huohuo ilionyesha kijiwe cha milimita 5 karibu na mwisho wa mrija unaoshusha mkojo kutoka kwenye figo hadi kwenye kibofu. Nilipewa dawa ya kutuliza maumivu, nikaambiwa kwamba vijiwe vya ukubwa huo mara nyingi hutoka vyenyewe, na kwamba nikipenda ningeweza kufuatiliwa katika hospitali ya tiba ya jadi. Nilikubali kwa udadisi zaidi kuliko imani.

Hospitali hiyo haikufanana hata kidogo na kilinge cha mganga nilichokuwa nimekiwazia. Ina maabara na mashine za ultrasound, na daktari aliisoma picha yangu kabla ya kunigusa. Ndipo akanitazama ulimi, akaweka vidole vitatu kwenye kifundo cha mkono mmoja na kisha wa pili, akaniuliza kuhusu rangi ya mkojo, kiu, choo na usingizi. Ulimi wangu, alisema, ulikuwa mwekundu wenye utando mzito wa manjano, na mapigo ya damu yalikuwa ya haraka na yenye kuteleza. Ugonjwa aliuita shilin, yaani mkojo unaotoka kwa shida na uchungu kwa sababu ya mawe.

Kwa maelezo yake, sehemu ya chini ya kiwiliwili changu ilikuwa imejaa joto lenye unyevu, na joto hilo huuchemsha mkojo mpaka taka zake zikagandamana, kama birika lililochemshiwa maji magumu miezi mingi linavyofanya ukoko mweupe ndani. Dhana hiyo ni kongwe: tabibu Zhang Zhongjing, aliyeishi mwishoni mwa enzi ya Han, yapata miaka 1,800 iliyopita, aliandika kuhusu maradhi ambayo mkojo hutoka na chembe mfano wa punje za nafaka ndogo. Maumivu nayo huelezwa kuwa ni qi, yaani nguvu ya uhai, na damu kukosa njia; Wachina husema kwamba pasipopitika ndipo panapouma. Mtu anayerudiwa na mawe kila mara hutibiwa kwa namna nyingine, kwa kuwa huhesabiwa kuwa figo zake zimedhoofika na zinahitaji kutiwa nguvu kwanza. Mimi nilikuwa mgeni wa maradhi haya, hivyo shabaha ilikuwa kuondoa joto, kukausha unyevu na kuusukuma mkojo.

Kiini cha dawa kilikuwa kile wanachokiita dhahabu tatu, kwa kuwa majina yote matatu yana neno jin, dhahabu. Jinqiancao ni mmea wenye majani ya mviringo kama sarafu, na katika jimbo la Guangdong hutumika aina yake ya huko. Haijinsha, ambayo jina lake linataja mchanga wa baharini, kwa hakika ni vumbi la uzazi la mmea wa jamii ya kangaga. Ya tatu, jineijin, ilinichekesha: ni ile ngozi ya manjano ya ndani ya firigisi ya kuku, ambayo nyumbani tunaibandua na kuitupa. Viliongezwa mbegu za cheqianzi na majani ya shiwei, na mara tatu nilichomwa sindano za Kichina, zile nyembamba zisizo na dawa, kiunoni na juu ya kifundo cha mguu. Sindano hazikuuma; kama zilinituliza au la, siwezi kuapa.

Wiki ya kwanza dawa ilichemshwa hospitalini na kufungwa katika mifuko 14, miwili kwa siku. Wiki ya pili niliichemsha mwenyewe katika chungu cha udongo, na hapo nilijuta kidogo, kwani haijinsha isipofungwa katika kitambaa huelea na kuufanya mchuzi wote kuwa tope. Uchungu wake unafanana na mwarobaini. Siku ya 11 kijiwe kilitoka, nikakinasa kwa chujio la chai, na maabara ikathibitisha kuwa ni cha kalsiamu oksaleti, aina iliyo ya kawaida kuliko zote.

Je, ni dawa iliyokitoa? Nilikuwa nikinywa karibu lita 3 za maji kwa siku na kupanda ngazi kwa amri ya daktari, na kijiwe chenyewe kilikuwa kidogo. Ninachoweza kukisifu bila kusita ni uangalizi: nilipimwa tena kwa ultrasound, nikaonywa kwamba homa ikinipata nikimbilie idara ya dharura badala ya kuongeza dawa, na nilipouliza kuhusu mutong, kiungo cha mapishi ya kale ya maradhi haya, daktari alinieleza bila kuficha kwamba aina yake iitwayo guanmutong ina asidi ya aristolokiki, inayoharibu figo na kusababisha saratani, na kwamba China iliifuta katika orodha ya dawa mwaka 2003.

Duka moja la mitishamba mjini humo halikuwa na uwazi huo. Muuzaji alinipa unga usio na orodha ya viungo, akidai unayeyusha jiwe la ukubwa wowote, nikaurudisha juu ya kaunta.

Kwa kijiwe kama kile nilichopata ningerudi kwa daktari yuleyule. Jiwe la zaidi ya milimita 10 ningelipeleka moja kwa moja kwa wataalamu wa kuyavunja mawe. Anayekwenda na aende na mtu anayejua Kichina vizuri, maana maswali kuhusu choo peke yake yalituchukua dakika 10.