Vituo vya Mkono kwa Mkono: saa za mwanzo vizuri, mwezi unaofuata ndio mtihani

Huduma ya mtoto aliyefanyiwa ukatili wa kingono tunaipima kwa jambo moja: amelazimika kusimulia mara ngapi? Kwa njia ya zamani familia huanzia polisi kuchukua PF3, fomu ya polisi ya kupelekea hospitali, ikaenda hospitali, ikarudi polisi, halafu ustawi wa jamii, na kila meza inaanza upya. Vituo vya Mkono kwa Mkono, kama kile cha Amana, Dar es Salaam, na cha Mnazi Mmoja, Zanzibar, vinamweka mtaalamu wa afya, polisi na afisa ustawi wa jamii mahali pamoja. Kwa hilo peke yake vinastahili sifa.

Saa ndiyo inayoamua mengi. Dawa kinga ya VVU, yaani PEP, huanzishwa ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora. Saa hizo zinahesabiwa tangu tukio, si tangu mzazi alipojua. Wanaokaa vikao vya kumalizana kifamilia huwa wanafika zikiwa zimekwisha. Kwa binti aliyevunja ungo, dawa ya kuzuia mimba ina hadi saa 120.

Kabla ya kwenda, mtoto asiogeshwe. Nguo alizovaa zisifuliwe. Kila moja iwekwe kwenye bahasha yake ya kaki. Mfuko wa nailoni hufungia unyevu, nguo huota ukungu na ushahidi huharibika.

Chumbani, angalia mizani. Dozi ya mtoto hufuata uzito, kwa hiyo anayekadiria kwa umri tu aulizwe. Mtoto mdogo anaweza kuchunguzwa akiwa amepakatwa na mama, na akikataa asishikwe kwa nguvu. Mwili usipoonyesha jeraha haina maana kwamba hakuna kilichotokea. Watoto wengi hawaonyeshi chochote, na daktari anayeandika "hakuna ushahidi" akaishia hapo anaivuruga kesi.

Udhaifu huanzia hapo familia inapoondoka. PEP ni siku 28. Kichefuchefu huja siku za mwanzo, mama akadhani dawa inamdhuru mwanawe, akaisitisha. Kilichotakiwa ni maneno mawili tu: mpe baada ya kula; akitapika muda mfupi baada ya kumeza, piga simu uulize kama arudie. Kuna tena vipimo vya kurudia na ushauri nasaha, na nauli ya kila safari inatoka mfukoni mwa mzazi. Kituo kisichoandika tarehe ya kurudi na namba ya simu kwenye karatasi, sisi hatukipi alama nzuri hata kama ukuta umepakwa rangi na picha za twiga.

Swali la kumuuliza afisa ustawi kabla ya kutoka: mtuhumiwa anaishi nyumba ile ile? Kama ndiyo, mtoto analala wapi leo? Asipokuwa na jibu, msiondoke. Namba 116, simu ya msaada kwa watoto, hupigwa bure.