Konserto ya Bach ya A maina, kwa fidla ya Rachel Podger: uzoefu wangu

Albamu hii ya mwaka 2010 niliinunua kwa ajili ya konserto moja tu, yaani utunzi wa mpigaji mkuu mmoja na kundi: ile ya kii (ngazi ya noti) ya A maina ya mtunzi Mjerumani Johann Sebastian Bach (BWV 1041, namba yake katika orodha ya kazi za Bach). Rachel Podger anapiga fidla na papo hapo anaongoza kikundi chake, Brecon Baroque, ambamo kila sauti ina mpigaji mmoja. Uchache huo ndio ulionivutia. Katika rekodi za okestra kubwa nilizozizoea, msolo, yaani mpigaji mkuu, husimama mbele na wengine hufifia nyuma yake. Hapa nasikia viola (fidla kubwa kidogo, ya sauti nzito zaidi) inachosema, na hapsikodi, kinanda cha zamani cha nyuzi zinazodonolewa, ikichokonoa pembeni.

Sehemu ya kwanza haina utangulizi: fidla zinaruka kutoka noti ya E hadi A, na safari imeanza. Bach aliujua vizuri mtindo wa Vivaldi, mtunzi Mwitaliano, maana alipokuwa katika mji wa Weimar alizipanga upya konserto kadhaa za Vivaldi kwa kinanda. Kwa Vivaldi, mara nyingi kundi hupiga, kisha hunyamaza kumpisha msolo. Kwa Bach hawapishani hivyo. Msolo bado anazungumza, na kundi linamtupia vipande vya wimbo wa mwanzo, naye anavidaka na kuvigeuza. Ukisikiliza mara ya pili utagundua hakuna anayesindikiza tu.

Lakini utamu wenyewe uko katikati, kwenye Andante, sehemu ya pili ya mwendo wa taratibu. Besi inashika mapigo yake mazito, noti ile ile ikirudiwa na kurudiwa, kisha inahamia kii nyingine na kuanza tena. Juu yake fidla inaingia kwa noti ndefu, halafu inaanza kujipinda kwa noti tatu tatu, laini, bila haraka, kama mtu anayeswali peke yake sokoni. Besi haimfuati na wala haimzuii. Podger hapambi kupita kiasi. Nyuzi zake, za utumbo wa mnyama kama za zamani, zina mkwaruzo kidogo unaoifanya sauti iwe ya binadamu. Nimesikia wapigaji wanaoivuta sehemu hii mpaka inalala. Yeye anaiacha itembee, na huzuni inabaki palepale.

Sehemu ya mwisho ni jigi, ngoma ya kucheza ya mbio. Karibu na mwisho kuna mahali upinde unayumba kati ya nyuzi, ukirudi tena na tena kwenye E, mpaka unajikuta umeshika pumzi.

Tafadhali usiisikilize kwa spika ya simu. Besi itapotea, na bila besi ile Andante haina maana. Vaa hedifoni za masikioni, hata za bei nafuu.

Anayetafuta konserto ya fidla mbili ya D maina haimo humu. Podger na kikundi chake waliitoa katika albamu nyingine, mwaka 2013.