Ofisi ndogo ya nyaraka za wastaafu wa jeshi jijini Mwanza: huduma, bei na kasoro zake

Mtu akiniuliza leo apeleke wapi nyaraka za baba aliyestaafu jeshini, au za mume aliyefariki akiwa anapokea pensheni ya Hazina, nitamwelekeza kwenye ofisi ndogo iliyo ghorofa ya kwanza ya jengo la maduka kando ya Barabara ya Makongoro, upande wa kuelekea Kirumba. Nitamtahadharisha mambo mawili: ngazi zake ni mbaya kwa wazee, na habari za kundi lake la WhatsApp si zote za kuaminiwa. Ukiacha hayo, ni huduma inayostahili fedha inazotoza, na katika shughuli ya mafao hilo si jambo la kawaida.

Kwa sura ni steshenari kama nyingine za katikati ya jiji, yenye mashine ya fotokopi inayonguruma tangu asubuhi, kompyuta mbili, mashine ya kulaminisha na kalenda ya benki ukutani. Tofauti iko kwa mwenyewe, askari mstaafu aliyetumikia miaka mingi akiwa karani, ambaye wateja wote humwita Afande, wakiwamo waliostaafu wakiwa na vyeo vya kumzidi. Kazi yake ni kusoma nyaraka za mteja, kumwambia kipi kimepungua, kuandaa barua na viapo vitakavyopelekwa kwa wakili, kujaza fomu, na kupanga faili kwa namna ambayo karani wa upande wa pili wa dirisha hatapata sababu ya kulirudisha. Hafuatilii malipo kwa niaba ya mtu. Hana mtu wake Dodoma, na hajifanyi kuwa naye.

Kwa familia zilizowahi kukutana na vishoka, hilo pekee linatosha kumfanya mtu avute kiti. Kishoka wa mafao hutambulika kwa kauli yake: nipe asilimia yangu, mengine niachie. Ukutani kwa Afande, juu kidogo ya mashine ya fotokopi, pamebandikwa karatasi iliyoandikwa kwa mkono kwamba ofisi haipokei kadi za benki wala namba za siri, na chini yake kwamba uhakiki wa wastaafu unaofanywa na Wizara ya Fedha hauna ada. Maonyo yote mawili yana sababu. Wakopeshaji wa mikopo ya kausha damu wamezoea kushika kadi ya mstaafu pamoja na namba yake ya siri kuwa dhamana, hivyo pensheni ikiingia wao ndio wanaotangulia kwenye mashine ya kutolea fedha, na mzee huambulia masalio.

Ubora wa huduma huonekana faili linapofunguliwa. Afande huanza na namba ya utumishi, ile inayotanguliwa na herufi MT kwa askari na P kwa ofisa, akiilinganisha katika kila karatasi kabla hajatazama jina. Kisha huja kwenye namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, yenye tarakimu 20, ambazo nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Huziandika pembeni kwa penseli na kuzilinganisha na tarehe iliyo katika barua ya kustaafu. Wazee wengi wa kanda hii walizaliwa vijijini bila cheti. Mwaka waliouandikisha walipoingia jeshini ulikisiwa kwa kukumbuka njaa au mafuriko fulani, na ule uliotajwa kwa ofisa wa NIDA miaka mingi baadaye ulikisiwa na mtoto wao. Tofauti ya miaka miwili, ambayo nyumbani haimsumbui mtu, ikifika dirishani humfanya mzee mmoja aonekane kuwa watu wawili.

Majina nayo ni vivyo hivyo. Katika faili la mama yangu mdogo, ambaye ni mjane wa sajenti mstaafu, jina la ukoo la marehemu lilikuwa limeandikwa kwa L katika cheti cha ndoa na kwa R katika barua ya jeshi, kama ilivyo kawaida ya huku kwetu Ziwa, ambako makarani wa makabila tofauti huliandika jina lile lile kila mmoja kwa sikio lake. Afande aliziweka karatasi hizo mbili pamoja mezani, akaweka rula chini ya jina, akamwambia: “Mayu, hapa tutakwama. Tuape kwanza, mengine baadaye.” Hati ya kiapo iliandikwa asubuhi hiyo hiyo, ikapelekwa kwa wakili jengo la jirani ikagongwe muhuri, na ndipo kazi ya fomu ikaanza. Nimeona familia zikianzia mwisho, yaani kujaza fomu za madai kwanza, na kurudishwa miezi kadhaa baadaye kwa sababu ya herufi moja.

Upande wa mirathi ndio ninaouona kuwa na thamani kubwa zaidi, kwa kuwa ndiko wajane wanakoumizwa. Utaratibu wenyewe haufichwi na mtu, ila umetawanyika katika ofisi nyingi. Kifo kinatakiwa kisajiliwe ndani ya siku 30 na cheti kipatikane RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, ukoo ukae kikao na kuandika muhtasari wenye sahihi za waliohudhuria, ombi lipelekwe mahakamani, na kwa familia nyingi hiyo huwa ni Mahakama ya Mwanzo, kwa Fomu Namba 1, tangazo litolewe ili mwenye pingamizi ajitokeze, msimamizi ateuliwe. Afande hueleza jambo ambalo watu wengi hawalitaki kulisikia, kwamba msimamizi wa mirathi si mrithi wa kila kitu kwa sababu tu ya kuteuliwa, na kwamba katika Mahakama ya Mwanzo anapaswa ndani ya miezi minne kuwasilisha orodha ya mali na madeni kwa Fomu Namba 5, na baadaye hesabu ya alivyogawa kwa Fomu Namba 6. Fomu hizo mbili amezitoa nakala na kuziambatisha mwanzoni mwa faili, zikiwa tupu, ili msimamizi asije akasema hakujua.

Hapa kuna kasoro ambayo siwezi kuipita. Tulikwenda tukiwa na shemeji yake mama mdogo, kaka wa marehemu, na kijana wa kaunta aliyetupokea alielekeza maswali yote kwake: marehemu aliacha nini, watoto ni wangapi, nani atasimamia. Mjane alikuwa ameketi hatua moja kutoka hapo, ameshika bahasha ya kaki yenye kila karatasi. Afande alipotoka chumba cha ndani alimgeukia mama moja kwa moja na kuanza maswali upya, na shemeji akanyamaza. Lakini Afande hayupo kila siku, na mjane atakayefika siku ya kijana peke yake anaweza kuondoka na muhtasari wa kikao uliomweka shemeji kuwa msimamizi bila mtu kumwuliza yeye anataka nini. Ofisi inayohudumia wajane wengi kiasi hiki ingepaswa kumfundisha kijana wake jambo hilo kabla ya kumfundisha kupiga chapa.

Ushauri mwingine ninaoupongeza unahusu pensheni yenyewe baada ya msiba. Familia nyingi huendelea kutoa fedha kwa kadi ya marehemu, ama kwa shida ya msiba ama kwa kuona kwamba ni haki yao. Afande huwaambia wazi kwamba kifo kitolewe taarifa mapema, kwa kuwa uhakiki umewekwa pamoja na mambo mengine kuwabaini waliokwisha kufariki, na fedha iliyochukuliwa baada ya tarehe ya kifo hugeuka deni linalochelewesha madai halali. Mteja mmoja alitoka amekasirika kwa kuambiwa hivyo. Ofisi yenye tamaa ingemnyamazia na kumwandikia barua yoyote aliyoitaka.

Kuna kundi moja ambalo huduma hii inalisaidia kidogo sana, nalo ni wazee waliokuwa mgambo wakati wa Vita vya Kagera. Majeshi ya Idi Amin yalipovamia mwishoni mwa Oktoba 1978, jeshi la kudumu liliongezwa nguvu kwa makumi ya maelfu ya mgambo, wengi wao vijana wa vijijini, na baadhi walikwenda mbele pamoja na wenzao hadi Kampala ilipochukuliwa tarehe 11 Aprili 1979. Vita vilipokwisha walirudi makwao kulima na kuvua. Wazee wa aina hiyo hufika ofisini wakiwa na picha iliyokunjika au medali, bila namba ya MT wala barua ya kustaafu. Afande huwaambia ukweli kwamba bila rekodi ya ajira hana fomu ya kuwajazia, huwaandikia barua ya kuomba rekodi zao zitafutwe, na hawatozi kwa barua hiyo. Ni uungwana, lakini mzee anayetoka Magu au Misungwi kwa matumaini ya mafao ni vema ajue kabla hajapanda gari kwamba barua ndiyo yote atakayoipata.

Ubao wa matangazo ulio kwenye ukumbi wa ngazi ni huduma nyingine isiyotozwa chochote, na kwa wastaafu wa jiji umekuwa kijiwe. Hapo hubandikwa taarifa za misiba na michango, tarehe za uhakiki, safari ya pamoja kwenda makaburi ya mashujaa wa vita ya Kaboya, Wilaya ya Muleba, inapokaribia Siku ya Mashujaa tarehe 25 Julai, na shughuli za kuelekea Siku ya Majeshi tarehe 1 Septemba, kama vile kuchangia damu. Matangazo haya yana tarehe na jina la aliyeyaleta, nami nayaamini. Kundi la WhatsApp lenye jina la ofisi halina nidhamu hiyo. Kila bajeti ya serikali inapokaribia husambaa humo viwango vipya vya pensheni visivyo na chanzo, vikifuatwa na sauti za watu wanaouza viwanja vya Buswelu, na wazee wasiosoma vizuri huambiwa na wajukuu kwamba nyongeza imekwisha kupita. Mstaafu ambaye maisha yake yote aliishi kwa amri iliyoandikwa na kusainiwa ameachwa na uvumi wa simu. Afande analaumiwa kwa habari asizozitoa yeye. Ingemfaa alifunge kundi hilo lisipokee matangazo ya mtu mwingine ila yake.

Kuhusu bei, fotokopi ni shilingi 100 kwa ukurasa, kama kwingineko. Barua na kiapo hulipiwa kwa kila kimoja, na kupanga faili zima la mirathi, kuanzia kukagua nyaraka hadi fomu kujazwa, tulitozwa shilingi 30,000 zilizotolewa stakabadhi. Ada ya wakili na ya mahakama ni juu ya hapo, na tuliambiwa hivyo mapema. Kwa mjane asiye na kipato si fedha ndogo, ila ni bei ya wazi, inayotajwa kabla ya kazi na isiyopanda katikati.

Ngazi nimezitaja. Ni nyembamba, hazina sehemu ya kushika, na wateja wa ofisi hii ni watu wa magoti na fimbo, baadhi yao wenye majeraha ya zamani. Kijana huteremka kupokea nyaraka akipigiwa simu, lakini huwezi kukagua faili la mzee barabarani kati ya bajaji na wauza samaki. Chini ya jengo hilo hilo nimeona chumba kitupu kinachopangishwa.

Wateja wa Sengerema, tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, hawakai tena foleni ya kivuko, hivyo wanaweza kumaliza kazi na kurudi siku hiyo hiyo. Wa Ukerewe, ambao hawana budi kuiwahi meli ya kurudi Nansio, wafike mapema, na si Ijumaa, kwa kuwa siku hiyo ofisi hufungwa mchana. Kila mmoja achukue kitambulisho cha mstaafu, barua ya kustaafu, kitambulisho cha NIDA, cheti cha ndoa na, kama kuna kifo, cheti cha RITA. Zote ziwe halisi. Ofisi hutoa nakala na kurudisha halisi papo hapo, na yeyote atakayekuambia uziache mpaka kesho, hata kama ni humo ndani, usimwachie.