Kununua uwekezaji wa kwanza: tazama ada kabla ya kutazama faida

Malalamiko ya fedha yanayonifikia mara nyingi kuliko mengine hutoka kwa watu waliofanya kila walichofundishwa. Walitenga sehemu ya kipato kila mwezi, wakamaliza madeni yenye riba kubwa, wakajiwekea akiba ya dharura ya kuwatosha miezi kadhaa, kisha wakanunua bidhaa ya uwekezaji waliyoletewa na wakala mwenye maneno mazuri. Miaka inapita, soko linapanda, nao wakifungua taarifa zao wanakuta fedha imeongezeka kidogo mno, au hata haifikii kile walichochangia. Kinachowauma zaidi ni kwamba hawaoni ilikokwenda, kwa kuwa hakuna mstari katika taarifa hiyo unaosema kwamba kiasi fulani kimekatwa.

Kwa sababu hiyo sitapanga bidhaa hizi kwa faida zilizopata mwaka uliopita wala kwa ukubwa wa jina la muuzaji, mambo ambayo kila tangazo huyataja. Nitazipanga kwa kuuliza ni kiasi gani cha fedha yako kinabaki kuwa chako baada ya kila aliyeigusa kuchukua fungu lake.

Ada ya usimamizi wa mfuko wa uwekezaji wa pamoja, yaani mfuko unaounganisha fedha za watu wengi na kuziwekeza pamoja, hutajwa kwa asilimia ya mwaka, lakini kwa kawaida hukatwa kidogo kidogo ndani ya mfuko wenyewe kabla thamani ya kipande, yaani sehemu ya mfuko anayoinunua kila mmoja, haijatangazwa. Mnunuzi huona thamani iliyokwisha kupunguzwa, na hivyo hahisi kwamba amelipa chochote. Asilimia 2 pia husikika ndogo kwa sababu akili huilinganisha na 100, ilhali inapaswa kulinganishwa na faida: mfuko ukizalisha asilimia 7, ada hiyo imemeza zaidi ya robo ya faida ya mwaka, na mwaka wa hasara hukatwa vilevile. Chukua 10,000 za sarafu yoyote, uziweke kwa miaka 30 kwa faida ya asilimia 7 kila mwaka. Bila ada zingefika takriban 76,100; kwa ada ya asilimia 0.1 zingefika takriban 74,000. Kwa ada ya asilimia 2 zingefika takriban 43,200 tu, yaani karibu nusu ya faida yote imetoweka, ingawa mtaji ulikuwa wako na hatari uliibeba peke yako.

Nafasi ya kwanza naupa mfuko wa fahirisi, ambao hununua hisa za kampuni zote zilizomo katika fahirisi fulani ya soko, yaani orodha ya kampuni inayotumiwa kupima mwenendo wa soko, bila kumlipa mtu wa kubahatisha ipi itapanda. Sifichi kwamba katika kundi hili naipendelea Vanguard. Kampuni hiyo ya uwekezaji iliyoanzishwa na John Bogle mwaka 1975 inamilikiwa na mifuko yake yenyewe nchini Marekani, na mifuko hiyo inamilikiwa na wawekezaji wake, kwa hiyo hakuna mwenye hisa wa nje anayenufaika ada ikipandishwa. Mfuko wake wa fahirisi wa mwaka 1976 ulitarajia kukusanya dola milioni 150 ukaambulia milioni 11 na ushee, na wenzao sokoni wakaucheka; leo mfuko wake wa kununuliwa sokoni unaofuata fahirisi ya S&P 500, yaani ya kampuni kubwa zipatazo 500 za Marekani, hutoza asilimia 0.03 kwa mwaka. Fidelity, kampuni nyingine ya uwekezaji ya Marekani, ilianzisha mwaka 2018 mifuko isiyotoza ada ya usimamizi kabisa, nami naitambua hatua hiyo, lakini bado nauamini zaidi umiliki unaoilazimisha kampuni kushusha ada kuliko ukarimu unaoweza kubadilishwa na wakubwa wake.

Penye mwekezaji asiyeweza kuifikia Vanguard kwa gharama nafuu, atafute mfuko wa aina hiyohiyo: fahirisi pana, ada iliyo chini ya nusu ya asilimia, na kusiwe na ada ya kuingia. Ahesabu pia ada ya dalali na ya kubadilisha sarafu, kwa sababu ada isiyobadilika ya 5 juu ya ununuzi wa 100 ni asilimia 5 iliyopotea siku ya kwanza. Anayenunua kiasi kidogo kidogo katika hali hiyo heri akusanye kwanza, anunue mara chache.

Nafasi ya pili ni hatifungani za serikali, yaani hati za kuikopesha serikali kwa riba, zinazonunuliwa moja kwa moja, bila mfuko katikati, kwa kuwa hazina msimamizi wa kulipwa. Kwa fedha itakayohitajika ndani ya miaka michache ningeziweka hata mbele ya hisa. Udhaifu wake ni mfumuko wa bei, pamoja na ukweli kwamba riba zikipanda sokoni bei ya hatifungani ya zamani hushuka, hivyo anayelazimika kuiuza kabla ya muda wake kuiva anaweza kupata hasara. Amana ya muda maalumu na akaunti ya akiba zinafaa kwa fedha ya dharura, basi.

Nafasi ya tatu, mbali sana nyuma, ni mifuko ambayo meneja wake huchagua hisa. Mwaka 2008 Warren Buffett, mwekezaji maarufu wa Marekani, alianza dau la miaka kumi akiwa na mfuko wa fahirisi wa Vanguard dhidi ya mafungu matano, kila moja likiwa limewekeza katika mifuko mingi ya wataalamu wa ada kubwa. Hadi mwisho wa mwaka 2017 mfuko wa fahirisi ulikuwa umepata asilimia 125.8, na fungu lililofanya vizuri zaidi kati ya yale matano lilipata asilimia 87.7. Mafungu hayo yalitoza ada mara mbili, moja ya fungu lenyewe na nyingine ya mifuko iliyomo ndani yake, na ada za ngazi mbili namna hiyo bado zinauzwa kwa wanaoanza zikiitwa huduma ya kitaalamu. Hisa za kampuni moja moja ninaziweka ya nne: ada yake ni ndogo, ila anayeanza hana mtaji wa kununua kampuni za kutosha.

Ya mwisho kabisa ni bima ya maisha iliyochanganywa na uwekezaji, na hasira yangu yote iko hapa. Michango ya miaka ya mwanzo mara nyingi hulipa kwanza kamisheni ya wakala na gharama za mkataba, ndiyo maana anayeuvunja mapema hurudishiwa kiasi kilicho chini sana ya alichotoa. Uingereza ilipiga marufuku kuanzia mwisho wa mwaka 2012 kamisheni ambazo washauri walilipwa na watengenezaji wa bidhaa mpya za uwekezaji walizozipendekeza, na sioni kwa nini mnunuzi wa mahali pengine popote astahili ulinzi ulio hafifu zaidi. Muuzaji anayekuonyesha mchoro wa faida unaopanda huku ada zikiwa ukurasa wa nyuma kwa herufi ndogo anajua vizuri ni kipi ambacho hataki ukisome. Mtake aandike kwa mkono wake ada ya kuingia, ada ya mwaka, ada ya kutoka na kamisheni yake mwenyewe. Akikataa, usitie saini.

Aliyekwisha kufungwa na mkataba wa aina hii asiuvunje kwa hasira. Asome kwanza jedwali la makato ya kutoka, kwa maana mara nyingi hupungua kila mwaka. Kisha alinganishe makato ya leo na ada atakazoendelea kulipa hadi mwisho wa mkataba, na kama bado ana watu wanaomtegemea, apate bima ya maisha ya kawaida isiyo na uwekezaji ndani yake kabla ya kuiacha ya zamani.