Albamu Isiyoniambia Nijikaze: Bleed American ya Jimmy Eat World

Siku ya pili ya matanga ya shangazi yangu, mjomba alinishika bega akaniambia, "Jikaze, mwanangu. Wewe ndiye mkubwa hapa, wadogo zako wanakutazama." Alisema kwa mapenzi, nami nilijikaza kweli: nikapokea wageni, nikahesabu viti vya kukodi, nikasimamia chakula mpaka watu walipotawanyika. Kilio kilinijia wiki tatu baadaye, ndani ya basi la kutoka Dodoma kwenda Morogoro, nilipokuwa nikisikiliza wimbo wa sita wa albamu niliyokuwa nayo tangu sekondari, ambao miaka yote hiyo nilikuwa nikiuruka. Albamu hiyo ni Bleed American ya Jimmy Eat World, bendi ya Marekani, iliyotoka tarehe 24 Julai 2001. Naitathmini sasa, baada ya miaka mingi, kwa sababu watu wengi ninaowafahamu, wakisikia neno emo, jina la aina hii ya muziki wa roki, humwona kijana aliyefunika jicho moja kwa nywele na anayeivaa huzuni kama nguo ya sikukuu.

Emo ilichipuka katikati ya miaka ya 1980 katika jiji la Washington, miongoni mwa vijana wa panki (roki ya kasi na ya hasira) walioanza kuimba majuto, woga na mapenzi yaliyoharibika kwa nguvu ileile ya gitaa ambayo wenzao waliitumia kuwashambulia wakubwa. Popu-panki ni binamu yake aliyechangamka zaidi, mwenye mwendo wa kasi na viitikio ambavyo msikilizaji huvidaka mara ya pili tu anapovisikia. Bleed American imesimama pale binamu hawa wawili wanapokutana, na ndiyo maana mtu asiyejua lolote kuhusu muziki huu anaweza kuingilia hapo bila kujikwaa.

Bendi yenyewe iliundwa mwaka 1993 mjini Mesa, Arizona. Jim Adkins huimba na kupiga gitaa, Tom Linton hupiga gitaa la pili, Rick Burch hupiga besi na Zach Lind hupiga ngoma. Kampuni kubwa iliyokuwa ikitoa kazi zao iliachana nao baada ya albamu ya mwaka 1999, Clarity, kutofanya vizuri sokoni, hivyo walirudi kwenye vibarua vya kawaida, wakaanza kuirekodi hii kwa fedha zao wenyewe, huku mtayarishaji wao, Mark Trombino, akikubali kuanza kazi bila malipo. Nilipoyajua hayo nilitarajia kusikia albamu ya kinyongo, lakini nilichokisikia ni sauti za watu waliokwisha kuanguka, wakagundua kwamba sakafu si mbali sana, na sasa wanapiga kwa raha.

Wimbo uliowapa jina duniani ni wa tatu, The Middle, ambao hauchukui hata dakika tatu na ulifika nafasi ya 5 katika chati kuu ya nyimbo ya Marekani mwaka 2002. Adkins aliuandika baada ya msichana mmoja kumweleza kwamba wenzake shuleni walimtenga kwa kumwona si mpanki wa kutosha. Nimeusikiliza mara nyingi nikitafuta siri yake, na nadhani iko katika jambo usilolisema. Nyimbo nyingi za kumliwaza mtu aliyeonewa, zetu zikiwemo, humwahidi kwamba wabaya wake wataumbuka. Mipasho ya taarabu imejengwa juu ya ahadi hiyo, na mimi ni mpenzi wa mipasho, sikatai. The Middle hauwaahidi adui chochote. Unamweleza tu binti huyo kwamba bado yuko katikati ya njia, kwamba kuchelewa si kupotea, na kwamba kujaribu kwake kunatosha kwa leo. Ni faraja ndogo, tena ya makusudi, na kwa kuwa ni ndogo mtu anaweza kuiamini hata siku ambayo haamini kitu.

Turudi kwenye ule wimbo wa sita, Hear You Me. Bendi iliwaandikia dada wawili, mashabiki waliokuwa wakizisaidia bendi changa kwa ukarimu mkubwa, ambao walifariki katika ajali ya barabarani mwaka 1997. Gitaa linaingia polepole, ngoma inajizuia, kisha sauti ya Rachel Haden inaifuata ya Adkins kwa nyuma kama mtu anayekusindikiza bila kukuuliza unakwenda wapi. Kiini cha maneno yake ni deni: mlitupa pahali pa kwenda katika mji tusiomjua mtu, nami sikuwahi kusema asante. Hakuna anayejaribu kueleza kifo kimetokea kwa nini, wala anayetangaza kwamba muda utaponya. Shangazi yangu alinilipia ada miaka minne kwa fedha za kuuza vitumbua, na siku zote nilijiambia kwamba nitakwenda kumshukuru rasmi nitakapopata mshahara mzuri, nikiwa na kitenge na mchele mkononi. Kwenye basi lile, mahali fulani baada ya Gairo, kuna mtu aliyekuwa Arizona ambaye alikuwa amekwisha kukiri kosa langu kwa niaba yangu. Abiria wa jirani alinipa kitambaa chake, akageukia dirishani. Alinisitiri, Mungu ambariki.

Tumezoea kuupitisha uchungu kwenye mafumbo, na mafumbo yana heshima yake, maana humwezesha mtu kulia hadharani bila kujianika. Emo hufanya kinyume: hutaja jambo kwa jina lake, na katika mikono isiyo na kipimo uwazi huo hugeuka kuwa kujihurumia. Adkins huokolewa na ufupi. Kiingereza chake ni chepesi, aliyefika kidato cha pili atakifuata, na mara nyingi husema jambo moja chungu kisha akaliachia gitaa nafasi. Wimbo wa kwanza, uliobeba jina la albamu, unamwonyesha mtu anayejihesabu kwamba hayuko peke yake kwa kuwa televisheni imewashwa. Nani kati yetu hajawahi kulala na televisheni ikiwaka kwa sababu hiyohiyo?

Si kila kitu humu ni dhahabu. Get It Faster hutishia zaidi ya inavyotenda, The Authority Song ni utani ambao humalizika kabla haujachekesha, na Cautioners huhitaji uvumilivu ambao msikilizaji aliyetoka kwenye Sweetness, ule wimbo wa kupiga kelele na wenzako kwenye gari, huenda asiwe nao. Aliyeipenda Clarity, pamoja na ule wimbo wake wa mwisho wa dakika 16, ataiona sauti ya albamu hii kuwa imepigwa pasi mno, kila mkunjo umenyooshwa. Nakubali. Lakini nguo iliyopigwa pasi ndiyo tunayovaa kwenda msibani.

Anayeitafuta asichanganyikiwe na majina. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, jina Bleed American lilionekana kuwa zito mno, hivyo albamu ikauzwa kwa jina la bendi peke yake hadi lilipotolewa toleo la santuri mbili mwaka 2008, ambalo lilirudisha jina la awali. Santuri ya pili ni ya wapenzi waliokwisha kunasa. Kwa anayeanza, nyimbo 11 za asili zinatosha, na ningemshauri azisikilize kwa mpangilio wake, kwa sababu My Sundown, ule wa mwisho, hauna utamu wowote ukisikilizwa peke yake, ilhali baada ya kelele zote zilizotangulia husikika kama nyumba ambayo wageni wa msiba wamekwisha kuondoka, vyombo vimeoshwa, na mtu anaweza kukaa chini.