Mama mpishi wa Ujiji aliyetupikia Krismasi: pilau kumi kwa kumi, kachumbari ndo tugombane

Niliahidi kwenye grupu la familia kwamba hii kitu ntaiandika kabla Januari haijaisha, maana hapa Kigoma mwisho wa reli kila siku watu wanaulizana "jamani nani anamjua mpishi wa kueleweka wa shughuli ya nyumbani" afu majibu yakija matano yote ni mashemeji wanapigiana debe wenyewe kwa wenyewe. Huyu mama si ndugu yangu, hajanipa hata mia, mimi ndo nimempa hela. Na jina simtaji kwa sababu kasema mwenyewe hataki kupigiwa simu usiku na watu asiowajua, ntawaelekeza huko chini.

Kwanza mjue familia yenyewe ilivyo, bila hivyo hamtaelewa kwanini tulihangaika. Kwetu ni Gungu. Baba Muha wa Kasulu, Mkatoliki wa rozari mfukoni. Mama kazaliwa Ujiji, kwao ni Waislamu, yeye alibatizwa alipoolewa ila bibi yangu mpaka leo anaswali swala tano na hakuna aliyewahi kugombana na mtu kwa ajili hiyo. Kwaiyo utaratibu wetu tangu nina akili ni kwamba Idd sote tunashuka Ujiji kwa bibi, na Krismasi Ujiji yote inapanda Gungu, kanzu na baibui na watoto na mabakuli yao ya kubebea. Mbuzi anachinjwa na mjomba ili kila mtu ale bila wasiwasi. Sio watu kumi hao, Krismasi ya 2023 tulihesabu 70, maana kaka na familia yake walikuja kutoka Dar na mama mdogo akaja na treni toka Tabora na ndoo mbili za maembe.

Sa kazi yote hiyo miaka yote inambeba mama. Mama ni WAWATA damu (umoja wa wanawake Wakatoliki), kitenge cha kanisani anakipiga pasi siku tatu kabla, lakini misa ya Krismasi asubuhi sijawahi kumuona ameisali. Anaenda mkesha, tena anachomoka kwenye matangazo akawahi nyama, afu tarehe 25 yeye na masufuria. Na 2023 ilikua mbaya zaidi kwa sababu Krismasi ilidondokea Jumatatu, Jumapili asubuhi ni dominika ya nne ya Majilio, Jumapili hiyohiyo usiku mkesha, kesho yake Krismasi yenyewe. Misa tatu ndani ya siku mbili na watu 70 wanakuja kula. Kaka ndo akasema tutafute mpishi. Mama akanuna siku mbili nzima, "mnataka watu waseme nimezeeka?" Mpaka shangazi akaingilia.

Tulianza na wale wa kisasa wenye hotpoti za kung'aa, wakatupigia elfu 12 sahani moja. Zidisha mara 70 mwenyewe. Mjomba akasema acheni ujinga, yuko mama Ujiji anapika maulidi na maharusi miaka yote, nendeni mkamuone.

Nikachukua bajaji. Nilimkuta nje kwake anachambua mchele kwenye ungo, shikamoo mama, marahaba mwanangu, wangapi? Nikasema 70. Akaniangalia kama mtu aliyejibu nusu ya swali. "Watoto wangapi humo? Na wavuvi wamo?" Kumbe kwake mvuvi anahesabiwa watu wawili na mtoto nusu, aisee nikakaa chini tukaanza kuhesabu ndugu mmoja mmoja kama sensa. Mwisho akasema mchele kilo 14, mbuzi wawili, mmoja wa pilau na mmoja wa rosti, na hakuandika popote.

Mchele tulikua tushanunua sokoni Mwanga. Siku alivyokuja kuukagua alichota kiganjani, akausugua, akanusa, akatafuna punje tatu nne afu akatema. "Huu umechanganywa, mmoja utaiva mwenzie atabaki na kiini. Rudisheni." Wifi yangu akanong'ona huyu mama anaringa. Tulirudisha kwa aibu, muuzaji akabadilisha bila hata kubisha, nadhani wenyewe mnaelewa maana yake nini.

Afu kuna suala la samaki, hapo ndo nilimvulia kofia. Bibi hana habari na pilau, yeye kwenye shughuli anataka migebuka ya mawese na ugali wa muhogo, bila hivyo anasema hakualikwa. Mimi nilishapanga tarehe 24 alfajiri niende Kibirizi nikachukue wabichi mitumbwi ikitia nanga. Mama wa watu akacheka. "Mwanangu, Krismasi hii mwezi mpevu. Nani atakuvulia?" Nkaangalia kalenda, kweli, mwezi ulikua unajaa kuamkia tarehe 27. Mimi mtoto wa Kigoma najua kabisa kwamba dagaa na migebuka wanavuliwa usiku kwa taa, mwezi ukiwaka samaki hawaifuati taa na wavuvi wanapumzika, najua, ila kichwani mwangu haikuja kabisa. Akasema nunueni wakavu mapema kabla bei haijapanda. Tukanunua. Siku yenyewe aliwaloweka kwenye maji ya vuguvugu na ndimu, akawatoa vichwa akaviweka pembeni kwa heshima zake (vya bibi hivyo), mawese akayaacha yachemke mpaka ile harufu ya ubichi ikaisha ndo akaweka kitunguu, nyanya na bamia. Bibi alifyonza kichwa cha kwanza, akafyonza cha pili, akauliza mpishi ni mtoto wa nani.

Siku ya Krismasi alifika saa kumi alfajiri. Mvua ilikua imenyesha usiku kucha na kuni zetu zilikua zimelowa kama zimetolewa ziwani, lakini yeye alikuja na guta lenye masufuria, vyombo, wasichana wake wawili na kuni zake kavu zimefunikwa nailoni. Hakulalamika wala hakuuliza, akapanga mafiga. Mjomba akachinja baada ya swala ya alfajiri. Kufika saa moja harufu ya kitunguu kinachoungua kidogo ilikua inaamsha mtaa.

Hiki kitunguu ndo niwaambie, maana sisi wengine tunakiogopa moto. Yeye alikikaanga mpaka nikasema sasa kimeungua, rangi ya kahawa kabisa, ndo akatia tangawizi na kitunguu saumu. Viungo alitwanga palepale, bizari nzima, iliki, mdalasini, karafuu chache na pilipili manga, hakuna pakti. Wifi alitaka kusaidia akaja na kile kirangi cha dukani ili pilau "ipendeze kwenye picha", akaambiwa kwa upole sana akacheze na watoto. Supu ya nyama ikawa ndo maji ya pilau, mchele ukaingia, na maji hakupima kwa kikombe, alichomeka mwiko katikati akaangalia umesimama vipi, akaongeza kata moja, akachomeka tena, akaridhika. Yalivyokauka akapunguza kuni chini, akafunika sinia, akapalia makaa juu, na mtu akitaka kufunua anapigwa jicho.

Sa katikati ya hapo mama yangu alikua anazungukazunguka pale na kanga kiunoni, mara aonje chumvi, mara asogeze kuni. Yule mama akamwambia, "Dada, wewe si una misa? Nenda kasali, jiko la leo langu." Na mama akaenda! Kwenye saa tano akarudi na kitenge chake cha WAWATA, akasimama pembeni ya moto, akaomba mwiko, akanyimwa. Akawekewa kiti cha plastiki kivulini. Miaka yangu yote sijawahi kumuona mama amekaa siku ya Krismasi kabla ya saa tisa, na alikua hajui mikono aiweke wapi, anakunja leso anaikunjua, anaikunja tena, watu wanakuja kumsalimia wanamkuta amekaa wanamuuliza kama anaumwa.

Nitoke nje ya mada kidogo. Watoto walikua wametengeneza pango la Noeli pembeni ya ukuta, karibu na jiko kabisa, kwa udongo na majani ya migomba. Mwaka huo walilipania kwa sababu padri kwenye mkesha alielezea kwamba ni miaka 800 kamili tangu Mtakatifu Fransisko wa Asizi alipotengeneza pango lile la kule Greccio, Italia, mwaka 1223, na ng'ombe na punda wa kweli. Punda wa kwetu alifanana na mbwa wa jirani ila sio kosa lao. Sasa juu walikosa majani ya kuezekea wakachomeka kuti la mchikichi. Bibi alivyopita na fimbo yake akasimama pale muda mrefu, akasema haya hapo mmepatia, Bi Mariamu alimzaa Nabii Isa chini ya mtende. Watoto wakabisha kwamba ni kwenye zizi. Bibi akasema basi ndo hilo zizi lenu na mtende wangu huo hapo juu, akaondoka zake kwenda kuulizia vichwa vyake vya samaki. Wale wasichana wa mpishi walicheka mpaka kijiko kikadondoka kwenye rosti.

Haya turudi. Ladha ya pilau sina la kuongeza, punje inajitegemea, kiazi kizima, nyama inaachia mfupa, na kila sahani ilipata nyama, sio wale wa mwisho wanakuta viazi vitupu. Rosti nzuri lakini ya kawaida, hata mama yangu anapika hivyo.

Kachumbari hapana. Hapa lazima niseme ukweli. Waliikata asubuhi mapema wakaitia chumvi hapohapo, mchana inaliwa imeshakua supu ya nyanya, vitunguu vimelala. Nilimwambia siku ya kumlipa akasema mvua iliwachanganya, sijui mvua na chumvi vinahusiana vipi. Jingine ni muda, tulikubaliana saa saba chakula kiwe mezani, tukala saa nane na nusu, na wageni wa Ujiji walishaswali adhuhuri wamerudi wamekaa wanaangaliana. Tatu ni vyombo, tulipatana sahani 80 zikaja pungufu, kwaiyo vijana walikula kwenye masinia wanne wanne (wao walifurahi ila sio hoja). Na pamoja na kwamba zilikuja pungufu, mbili zilizopotea kwetu zilidaiwa! Tulilipa. Kesho yake moja tukaikuta chini ya pango, mtoto kaitumia kama bwawa la ng'ombe.

Turubai halimhusu, tulikodi kwingine na watu hao siwataji, lakini lilikua na tundu juu kabisa ya meza ya mashemeji, mvua iliporudi saa kumi walihama wote na sahani zao kichwani. Somo ni kwamba kagua turubai likiwa limetandazwa, sio likiwa limekunjwa.

Hela sasa. Mpishi na wasichana wake tulilipa 150,000, nusu tulitanguliza. Vyombo na masufuria 40,000. Ukijumlisha mbuzi wawili, mchele, migebuka, mafuta, viungo na makorokoro mengine tulimaliza kwenye laki tano na tisini, soda alitoa mjomba. Linganisha na laki nane na arobaini ya wale wa hotpoti, na hao hata migebuka wangeuliza ndo nini. Kitu kimoja tu mjiandae, huyu mama hapokei maagizo. Kama wewe ni wa kusimamia mpishi mtakosana kabla ya saa tatu asubuhi.

Kumpata ni rahisi, nenda Ujiji, muulize mtu mzima yeyote pale sokoni mama anayepikaga maulidi ni yupi, utapelekwa mpaka mlangoni. Nenda mwenyewe, usitume mtu, na uende na hesabu yako kichwani, watoto, wakubwa, na wavuvi.

Ukoko ulikua sufuria zima, akausubiri upoe, akaugawa kwa watoto vipande sawasawa kama komunyo, kila mtoto kimoja, hakuna kurudi. Mwanangu mimi alirudi, akarudishwa.

Idd inayofuata ni zamu ya Ujiji na tumeshampa advansi. Mama kakubali bila kununa safari hii, ila kaweka sharti, kachumbari atakata yeye.