Kuhakiki kilomita za gari kwa namba ya chesisi: uzoefu wangu kwa mnunuzi wa Dar

Huduma za mtandaoni zinazokutafutia karatasi ya mnada wa Japani (ripoti ya ukaguzi wa gari siku lilipouzwa mnadani) kwa namba ya chesisi, yaani namba ya utambulisho iliyogongwa kwenye bodi, nazipa nyota nne kati ya tano. Nyota ya tano nimeizuia kwa sababu wengi hapa Dar wanalipia wakiamini wataambiwa kilomita halisi za gari, na huduma hizi haziwezi kusema hivyo. Zinachosema ni kwamba siku fulani, mnadani, odometa (mita ya kilomita kwenye dashibodi) ilisoma kiasi fulani. Hilo peke yake ni kubwa, maana odometa kazi yake ni kupanda tu. Ukishapata namba ya zamani yenye tarehe, ambayo muuzaji hakuwa na uwezo wa kuigusa, una mahali pa kumbana. Na bei ya ripoti haifiki hela ya kujaza tangi la Toyota IST.

Chesisi isome mwenyewe kwenye bodi. Usiipokee kwa WhatsApp, usiinakili kutoka kwenye kadi. Kwenye Toyota nyingi imegongwa kwenye ukuta wa chuma nyuma ya injini, na imerudiwa kwenye kibao. Zote mbili zifanane na kadi ya gari, la sivyo acha hapo hapo. Gari lililotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani halina ile namba ya herufi na tarakimu 17 wanayotumia Wamarekani. Lina kifupi cha modeli, kistari, halafu tarakimu: NCP61 ni IST ya cc 1500, NZT260 ni Premio ya cc 1500. Kwa hiyo tovuti inayodai namba hiyo ya 17 haikufai, usiilipe.

Ripoti ikija, wengi wanakimbilia gredi, yaani alama ya ubora ambayo mnada huipa gari. Anza na kisanduku cha kilomita. Nyota (*) pembeni ya namba kwa kawaida maana yake mnada wenyewe umegundua mita imechezewa, alama ya reli (#) kilomita hazijulikani, na alama ya dola ($) mita ilibadilishwa. Minada haifanani sana kwa alama, hivyo mwombe mtoa huduma atafsiri karatasi nzima, pamoja na yale maandishi ya mkono. Ripoti nzuri inakuja na picha za siku ya mnada. Linganisha rangi, rimu na mikwaruzo na gari lililo mbele yako.

Karatasi anayokuonyesha dalali kwenye simu yake haina uzito wowote. Kufuta tarakimu moja kwenye picha kunaifanya 148,000 iwe 48,000. Ndiyo maana unatafuta yako.

Udhaifu wa huduma ni huu: gari lililouzwa Japani bila kupita mnadani halina rekodi, na utalipia utafutaji ulioambulia patupu kama hukuuliza mapema kuhusu kurudishiwa hela. Gari lililopita mnadani mara mbili lina karatasi mbili, na baadhi ya huduma hukupa moja. Dai zote. Ya pili ndiyo inayoonyesha kama namba ilishuka kabla gari halijapanda meli.

Karatasi ninayoithamini zaidi ya hiyo, na hailipiwi, ni cheti cha Japani cha kufuta usajili kwa ajili ya kusafirisha gari nje. Aliyeliingiza gari, au wakala wake wa forodha, huwa na nakala. Japani gari binafsi jipya hukaguliwa rasmi likifika miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na siku hiyo kilomita huandikwa. Kwenye sehemu ya maelezo ya ziada ya cheti utakuta namba zinazoishia na km, mara nyingi mbili: ya ukaguzi wa mwisho na ya ule uliotangulia. Hukatwa kwenye mamia, yaani 85,467 huandikwa 85,400, hivyo tofauti ndogo isikushtue. Miaka huandikwa kwa enzi za wafalme. Ukiona 平成, hiyo ni Heisei, jumlisha 1988. Ukiona 令和, ni Reiwa, jumlisha 2018. Mwaka wa 28 wa Heisei ni 2016, mwaka wa 3 wa Reiwa ni 2021. Muuzaji wa yadi anayesema cheti kimepotea lakini kilomita ni "orijino" anakuomba umwamini kwa kitu ambacho karatasi moja ingekithibitisha.

Kwa gari ambalo halijasajiliwa, makaratasi hayo mawili yanatosha. Dashibodi yadini inatakiwa kuzidi ya mnadani kwa kiasi kidogo tu: safari ya mnadani hadi bandari ya huko, na ya Bandari ya Dar hadi yadi. Ikiwa chini ya ile ya mnada, hata kwa kilomita moja, mita imeguswa.

Gari lenye namba ya usajili ya hapa ya herufi D au E, lililokwisha kutembea mjini, linahitaji hesabu. Tuseme mnada wa Machi 2018 unaonyesha 92,000, na Machi 2024 dashibodi inasema 104,000. Namba imepanda, lakini ni 2,000 kwa mwaka, chini ya kilomita 6 kwa siku. Mtu wa Kibaha anayefanya kazi Posta anatembea takriban 80 kwenda na kurudi. Hizo 2,000 anazimaliza kwa siku 25. Teksi ya mtandaoni inayokwenda 150 kwa siku kwa siku 300 inafikisha 45,000 kwa mwaka. Gari la mfano wetu ama lilikaa juu ya mawe, ama mita yake imerudishwa nyuma. Dai risiti za sevisi, na utafute vikadi na stika za kubadilisha oili chini ya boneti na kwenye fremu ya mlango wa dereva. Anayerudisha mita mara nyingi husahau kuzibandua. Stika ya Kijapani ya mkanda wa taimingi iliyobandikwa kwenye injini, inayosema ulibadilishwa kwenye kilomita 100,000, haiwezi kukaa kwenye gari linalosoma 78,000.

Kisha mashine. Mita za kidijitali hurudishwa kwa kuandika upya chipu ndogo ya kumbukumbu ndani ya dashibodi, kazi ambayo haiachi alama kwa nje. Ila kompyuta ya injini inaweza kubaki na hesabu yake. Chomeka kisomaji cha hitilafu za gari (OBD) kwenye soketi iliyo chini ya usukani, washa swichi bila kuwasha injini, na tafuta umbali tangu hitilafu zilipofutwa. Ukisoma 61,000 hapo wakati dashibodi inasema 48,000, mjadala umekwisha. Ukisoma kilomita 3, kuna mtu amefuta hitilafu kabla hujafika, na hiyo nayo ni habari. Hesabu hiyo inagota kwenye kilomita 65,535, haipandi zaidi, kwa hiyo isipopingana na dashibodi si ushahidi wa usafi. Vile visomaji vya bei nafuu vya Bluetooth mara nyingi havielewani na magari ya Japani ya kabla ya 2008. Mtafute fundi umeme mwenye mashine kamili. Kwa BMW, Mercedes na Volkswagen mashine kamili inalipa zaidi, kwa sababu vifaa kadhaa huhifadhi kilomita kila kimoja kivyake, na anayerudisha mara nyingi hubadilisha dashibodi pekee.

Gari lililotoka Uingereza lina njia yake: kwa namba ya usajili ya kule, historia ya ukaguzi tangu 2005 inaonekana bure kwenye tovuti ya serikali yao. Kumbuka inaandikwa kwa maili. Maili 80,000 ni karibu kilomita 128,700.

Uchakavu ninautumia kama shahidi wa mwisho, kwa kuwa hapa Dar raba za pedeli na kava za siti mpya zinapatikana kirahisi. Angalia visivyobadilishwa mara nyingi: swichi ya kioo cha dereva, upande wa siti anakoingilia, bawaba za mlango wake, ukingo uliojitokeza kwenye diski za breki. Raba mpya ya pedeli kwenye gari la "kilomita 60,000" inanipa wasiwasi kuliko iliyokwisha. Tairi soma tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT ubavuni: 2319 maana yake lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Ukiridhika, namba ya odometa na ya chesisi ziandikwe kwenye mkataba wa mauziano mbele ya wakili, na kauli ya muuzaji kwamba mita haijarudishwa iwe kwenye karatasi hiyo hiyo, juu ya sahihi yake.